Wagonjwa wa sukari tunawahesabu, sukari yao hatuijui
Na Mwanaruvu

Ukiuliza Tanzania imefika wapi na VVU, jibu lipo, tena kwa asilimia: utafiti wa 2022-2023 ulionyesha kuwa watu wazima 78 kati ya kila 100 wanaoishi na virusi hivyo wamevifubaza. Uliza kisukari, utarudishwa kwenye utafiti wa 2012 uliokuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana ugonjwa huo. Tunaambiwa wangapi wanaumwa. Wangapi sukari yao imetulia, kimya. Na mtu hapofuki wala figo hazifi kwa sababu tu ameandikwa kwenye daftari la kliniki; kinachomwangamiza ni sukari kukaa juu miaka nenda miaka rudi.

Kidokezo tunacho. Mwaka 2013 watafiti wa Muhimbili waliwaangalia wagonjwa 469 katika hospitali za umma za Dar es Salaam, na asilimia 69.7 sukari yao haikuwa imedhibitiwa. Hao ni watu wa mjini ambao tayari wanahudhuria kliniki. Mgonjwa wa Kongowe, mkoani Pwani, naye ana barabara ya Morogoro na Hospitali ya Tumbi si mbali. Lakini wa vijiji vya ndani vya Kisarawe, sioni kwa nini awe na nafuu kuwashinda hao wa mjini. Isitoshe, kipimo cha kidole asubuhi kabla ya kula hudanganyika kirahisi: siku tatu kabla ya kliniki soda inaachwa, ugali unapungua, vidonge vinamezwa kwa saa. Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki hivyo, kwa kuwa husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, zinazoishi siku 120 hivi.

Nitaambiwa kipimo hicho ni ghali, na kwamba Ukimwi umebebwa na fedha za Wamarekani na Mfuko wa Dunia. Ni kweli. Lakini kulijua taifa hakudai kumpima kila mgonjwa. Sampuli ya kliniki chache kila mkoa, kila mwaka, inatosha, na gharama yake ni ndogo mbele ya ile ya kumsafisha damu mgonjwa wa figo mara mbili tatu kwa wiki. Wengine watasema wagonjwa wenyewe ni wakaidi wa chakula. Wapo. Ila darasa likifelisha saba kati ya kumi, mkaguzi huanza na mwalimu. Mgonjwa anayejinunulia vijiti vya kupimia, akikosa fedha anakisia tu, na ukaidi hauhusiki hapo.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo: ifikapo 2030, asilimia 80 ya waliogunduliwa wawe wamedhibiti sukari. Wizara ya Afya itangaze basi kila mwaka, mkoa kwa mkoa, Pwani ikiwemo, tuko asilimia ngapi.