Kifuniko cha msumeno kirudi mahali pake

Ninaandika juu ya atelye, kwa sababu tangu muhula huu uanze bendeji zimekuwa nyingi katika madarasa, na kila mara tunasikia sababu moja tu: «Mutoto alicheza.» Mimi dwayene wenu nasema haiko vile. Wengine wanacheza, ndiyo, nami ninawakemea. Lakini yule wa menizeri aliyekatwa vidole viwili mwezi uliopita hakucheza hata kidogo.

Munajua namna ilivyokuwa. Umeme ulikatika saa ine za asubui. Hakuna mtu aliyezima kontakti ya msumeno wa duara, maana mashini ilikuwa imekwisha kusimama, na mashini iliyosimama inaonekana kama imezimwa. Yeye akachukua ufagio mdogo, akaanza kuondoa unga wa mbao karibu na meno. Umeme ukarudi. Kuna kontakti za namna ingine, zinaanguka zenyewe umeme ukikatika na kungojea mtu azibonyeze tena. Yetu haina hiyo. Katika mji ambamo umeme unakwenda na kurudi mara tatu kwa siku, kontakti ya vile si mapambo. Kama haiko, basi iwe desturi yetu: umeme ukikatika, kwanza kuzima, halafu kungoa fishi ukutani, ndipo kushika ufagio.

Tena kile kifuniko cha chuma juu ya meno. Kilitolewa wakati wa komande ya viti vya kanisa, kwa sababu kilichelewesha kazi. Komande ilikwisha, viti vinakaliwa kila Siku ya Mungu, na kifuniko kingali chini ya meza pamoja na makopo ya rangi. Najua atelye inaleta franga, na franga zile zinasaidia wengi wetu kubaki shuleni. Sitaki ifungwe, hata mimi ni finaliste. Lakini tunasoma Biblia kila asubui, na Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo juu ya dari, mtu asianguke. Haiulizi kama aliyeanguka alikuwa anacheza.

Neno linalonisumbua zaidi ni azabu. Anayejikata katika atelye anapewa kukata majani siku tatu, eti ajifunze uangalifu. Anachojifunza ni kuficha. Mudogo mmoja alitazama moto wa kusude chuma bila kioo, saa nane za mchana. Saa tano za usiku akaanza kulia katika internati, macho kama yamejaa mchanga. Ndivyo moto ule unavyofanya, hauumi mara moja. Wenzake wakamwekea vipande vya viazi, kwa sababu aliogopa dispansere, maana dispansere inaleta majani. Mwingine alikanyaga msumari akiwa na kambambili, akafunga kitambaa siku tano kimya. Pepopunda inaingia kwa kidonda kama kile, kirefu na chenye uchafu, na ikishaanza hata hospitali kubwa inahangaika nayo. Ni heri mtu aje na kidonda kwa saa ile ile, apewe sindano, kuliko majani yakatwe vizuri.

Mwalimu mmoja aliniambia wao walijifunza bila miwani. Ni kweli. Tazameni mikono ya mafundi wazee wa mji, muhesabu vidole. (Na ninyi munaoleta glavu kwa mashini ya kutoboa, muache: kitu kinachozunguka kinakamata glavu na kuvuta mkono wote.)

Kwa hiyo naomba kaye moja ining'inizwe kwa mlango wa atelye, kila aliyeumia aandike siku, mashini na namna ilivyotokea, bila azabu yoyote. Shefu wa atelye aisome kila mwisho wa juma. Ile miwani moja iliyokwaruzwa itupwe, zinunuliwe ingine kwa franga za komande itakayofuata. Msumeno usiwashwe mpaka kifuniko kirudi.

Juzi nilikivuta chini ya meza nikakitazama. Hakikupinda. Kinakosa bulo mbili tu, na sokoni ziko.