Gari la kwanza la kijana: bei si gharama yote

Mavuno yakiuzwa vizuri, baadhi ya wazazi humnunulia gari kuukuu kijana aliyefikisha miaka 18, umri wa chini wa leseni ya gari Tanzania na Kenya. Hoja yao ni kwamba likigongwa, hasara ni ndogo.

Hesabu hiyo ina kasoro. Dereva mgeni ndiye aliye karibu zaidi na ajali, na ndiye anayepewa gari lenye kinga haba. Kenya kwa kawaida huzuia kuingiza mitumba iliyozidi miaka 8. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu. Lakini yakishaingia, huuzwa mkono kwa mkono hadi yachoke.

Kabla ya kulipa, mpeleke fundi wako, si wa muuzaji. Akague breki, usukani, mikanda na mifuko ya hewa. Soma tarakimu 4 ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Hata lisipokuwa kipara, mpira huzeeka.

Kisha tenga fedha za bima, matairi na matengenezo. Kama zote zimeishia kwenye bei, gari hilo bado hamjaliweza.