Mwanafunzi wa Mafunzo Naye Apewe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ziko ofisi nyingi katika nchi yetu ambazo humpokea mgeni, zikamweka wiki nane, na jembe asilione hata siku moja. Mgeni huyo ni mwanafunzi wa chuo aliyekuja kujifunza kazi. Wakubwa huyaita mafunzo kwa vitendo; wanafunzi wenyewe husema wamekwenda fildi. Leo twataka kusema juu ya wale wanaokwenda kujifunza kazi ya uhusiano, yaani kazi ya kuisemea taasisi au kampuni mbele ya watu, katika magazeti, redioni, na sasa katika mitandao ya kijamii.

Wako watakaouliza: Je, hili nalo ni jambo la kuandikiwa gazeti? Twajibu: Ndiyo. Maana kijana anayefundishwa leo kusema kwa niaba ya ofisi ndiye atakayeamua kesho kabwela aambiwe nini na afichwe nini. Akifundishwa vibaya, tutakaoumia ni sisi.

Tutazame mahali pamoja. Katika kata ya Kikwe, wilayani Arumeru, chini ya Mlima Meru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Imepewa jina la mzee aliyekaa kifungoni miaka 27 kwa ajili ya haki ya Mwafrika, naye alitaka bara letu liwe na vyuo vyake vya sayansi, ili wataalamu wetu wasiwe wa kuazimwa siku zote. Wanaosoma pale ni watu wa shahada za uzamili na uzamivu. Kuizunguka taasisi hiyo kuna wakulima na wafugaji, wake kwa waume, wanaokwenda soko la Tengeru kuuza ndizi na mboga zao. Upande mmoja wa ua pana maabara, upande wa pili pana shamba la mahindi. Sasa mchukue kijana wa uhusiano wa umma kutoka Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, au kutoka Dar es Salaam, umpeleke mahali kama hapo. Atafundishwa nini?

Hatuisemi taasisi hiyo. Twasema mambo yajulikanayo katika ofisi nyingi, za umma na za makampuni. Kijana hufika na barua yake ya chuo. Wiki ya kwanza hutumwa kutoa nakala za karatasi. Wiki ya pili hupewa kamera, akaambiwa ampige picha mgeni rasmi akishuka garini, mgeni rasmi akisaini kitabu, mgeni rasmi akipokea zawadi. Picha hizo huwekwa Instagram na Facebook, na chini yake huandikwa cheo cha kila mkubwa aliyesimama mstari wa mbele. Jioni huulizwa: Wangapi wamependa? Akijibu mia tatu, husifiwa. Hakuna anayemwuliza hao mia tatu ni nani, wala wamejua jambo gani ambalo jana hawakulijua. Siku zikiisha, msimamizi hutia sahihi katika kitabu chake cha kumbukumbu, mwalimu wa chuo huja mara moja kumkagua, na kijana hurudi kuandika ripoti ndefu juu ya kazi ambayo hakuifanya.

Tena tukumbuke fedha hizi ni za nani. Mafunzo kwa vitendo ni kifungu kimojawapo cha mkopo unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Maana yake, mtoto wa mkulima anakopa ili aende kujifunza kazi, naye ataulipa mkopo huo kwa jasho lake. Kumkopesha mtu fedha akanunue jembe, kisha ukamnyima shamba, ni dhuluma.

Jembe la kazi hii, basi, ni lipi? Pale pale Kikwe na vijiji jirani lipo tele. Maji ya chemchemi na visima vingi vya pande za Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na viko vyanzo vingi pande hizo vinavyoupita mpaka huo kwa mbali. Matokeo yake hayahitaji darubini. Yako katika meno ya kahawia ya watoto na, kwa waliozidiwa sana, katika mifupa iliyopinda.

Wataalamu wamelishughulikia jambo hili miaka mingi. Kipo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambako mifupa ya ng'ombe iliyochomwa hutumiwa kuchuja floraidi. Naye Askwar Hilonga, mwalimu wa taasisi hiyo ya Nelson Mandela, alibuni chujio la maji, na mwaka 2015 akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Ni sifa kubwa kwetu sote.

Lakini sifa ni jambo moja, na kujua ni jambo la pili. Mama wa Nambala amesikia tangu utoto kwamba maji yakichemshwa ni salama. Ni kweli kwa vijidudu. Kwa floraidi si kweli: kuchemsha hakuiondoi, na maji yakipungua sufuriani floraidi inayobaki huwa nzito zaidi. Vile vile magadi tunayotia katika maharage yaweza kuwa na floraidi nyingi. Tena meno ya mtoto huharibika wakati ule yanapokuwa yanajengeka ndani ya ufizi, kabla hayajaota. Yakiota na rangi, mswaki hauwezi kuirudisha. Mambo haya matatu, yakisemwa kwa Kiswahili chepesi, yana thamani kuliko picha mia za mgeni rasmi. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa uhusiano: kuyachukua maneno yaliyofungiwa katika Kiingereza cha maabara, kumwuliza mtaalamu mpaka ayaelewe barabara, kisha kuyatoa kwa lugha ambayo bibi kizee ataifahamu na mtaalamu hataikana. Ni kazi ngumu. Kijana akiifanya mara tatu katika wiki nane, amejifunza.

Watu wa Meru hawahitaji kufundishwa thamani ya neno. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili walowezi wapate mahali pa kufuga. Serikali ile haikukosa wa kuisemea. Tangu mwaka 1923 ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo. Wameru hawakuwa na gazeti. Walichanga fedha zao, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata. Ardhi haikurudi siku ile, lakini dunia ilisikia. Alikuwa ametumwa na wenye jambo, alilijua jambo lenyewe, na alisema kweli. Nani katika maofisa uhusiano wa leo ana sifa kupita hizo?

Wako wasemao: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, taasisi ikifanya kazi njema haina haja ya msemaji. Methali hiyo twaiheshimu, lakini inasema habari za sokoni, ambako mnunuzi aweza kuibonyeza embe kwa kidole. Floraidi haionekani wala haina harufu. Asiyeambiwa hawezi kujua, na anayejua akanyamaza ameshiriki kumdhuru mwenzake.

Wako pia wasemao kwamba siku hizi kila kitu kiko mitandaoni, anayetaka ataona. Hilo ni neno la mtu mwenye bando. Mwenye simu ya kitochi hauoni ukurasa wa Instagram, na mwenye simu janja hununua bando la siku moja akalitunza kwa mambo ya nyumbani. Hatusemi mitandao ni mibaya. Habari njema ya dakika moja, iliyosemwa kwa sauti, hupita katika makundi ya WhatsApp ya akina mama wa vikoba upesi kuliko gari. Tunachosema ni kwamba mtandao ni njia mojawapo. Upo mkutano mkuu wa kijiji, upo ubao wa matangazo, zipo redio, misikiti na makanisa, lipo soko. Kijana asiyewahi kusimama mbele ya wanakijiji akaulizwa swali gumu, hajajua uhusiano.

Jambo jingine lataka kukemewa kwa sauti kubwa. Ni tabia ya kupiga picha watoto wenye meno ya kahawia au miguu iliyopinda na kuitandaza duniani, ili wafadhili waone huruma. Wakoloni walitupiga picha kama vitu vya makumbusho. Haifai sisi kwa sisi tufanyiane hivyo. Mtoto yule ana jina, ana wazazi, na kesho atataka kuoa au kuolewa. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kijana afundishwe sheria hiyo kabla hajashika kamera, tena afundishwe adabu ambayo ni ya zamani kuliko sheria: hodi kwanza.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kila ofisi inayompokea mwanafunzi wa uhusiano impe kazi moja iliyo yake tangu mwanzo mpaka mwisho: habari moja yenye faida kwa wananchi, aitafute, aiandike, aipeleke, kisha arudi kuuliza kama imeeleweka. Pili, afundishwe kusikiliza. Maswali na malalamiko yanayoandikwa na watu chini ya matangazo yasifutwe. Yaandikwe daftarini na yajibiwe. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari, na ofisi ya uhusiano ndiyo mlango wenyewe. Tatu, makampuni ya utalii, ya maua na mabenki ya Arusha yasimtumie mwanafunzi kama kibarua asiye na ujira, wala kama msafisha majina. Akitumwa kuandika kwamba wafanyakazi wote wana furaha, aruhusiwe kwanza kuwauliza wafanyakazi.

Nanyi vijana, msingoje kufunguliwa kila mlango. Ombeni kazi. Ukiletewa kiti ukae, uliza jembe liko wapi. Ukiambiwa andika usilolijua, uliza. Ukiambiwa andika uwongo, kataa kwa adabu. Uwongo wa leo utakuwa na jina lako chini yake miaka mingi, maana mtandao hausahau.

Taasisi zetu tulizijenga kwa kodi zetu na kwa imani kwamba elimu ni ya kuondoa ujinga, maradhi na umaskini. Msemaji wa taasisi kama hiyo ni tarishi kati ya maabara na kijiji. Hupeleka neno kijijini, na hurudi na neno maabara. Tarishi anayekwenda upande mmoja tu hajamaliza safari yake.