ALIYELALA NUSUKAPUTI ASITIRIWE

Katika safu hii ya afya tumezoea kuzungumza juu ya maji ya kuchemsha, choo, chandarua na chanjo. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo watu wengi hulisema kwa sauti ndogo, au hawalisemi kabisa. Jambo lenyewe ni aibu ya kuvuliwa nguo na kulazwa kwa dawa ya usingizi ili mtu apasuliwe.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Sipasui watu. Kazi yangu ni kupima, kutibu magonjwa ya kawaida, na kumwandikia mgonjwa barua ya rufaa aende hospitali ya wilaya ikiwa ugonjwa wake unahitaji kisu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayesikia sababu za watu kukataa. Wengine husema hawana nauli. Wengine husema wanaogopa kufa. Lakini wapo ambao nauli wanayo, na kufa hawakuogopi sana. Wanaogopa kulala uchi mbele ya watu wasiowajua, bila kujua nani anawatazama na nani anawagusa.

Mzee mmoja aliishi na ngiri miaka tisa. Alikuwa akiifunga kwa kitambaa na kwenda shambani. Barua ya rufaa alikwisha kuandikiwa mara tatu kabla yangu. Nilimwuliza kwa nini haendi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mganga, mume wa binti yangu anafanya kazi katika chumba kile cha kupasulia. Nikishalala, yeye atanifunua. Nitamtazamaje tena mkwe wangu?"

Wapo watumishi wa afya ambao wangemcheka mzee huyu. Wanao msemo wao: "Hospitali hakuna aibu." Nimeusikia tangu nikiwa mafunzoni. Mimi sikubaliani nao. Aibu ipo. Mtu haachi aibu yake mlangoni pamoja na viatu. Mkwe ni mkwe, hata akivaa koti jeupe.

Tazama jinsi tunavyowatendea wafu wetu. Wanaoosha maiti hufanya kazi hiyo chini ya shuka. Hawamwachi wazi, ingawa hajui lolote. Na wakitoka nje hawasimulii walichokiona. Basi ikiwa aliyekufa anasitiriwa, yule aliyelala kwa saa moja tu, ambaye ataamka na kurudi kuishi na sisi, astahili nini? Kutojua hakumwondolei mtu heshima yake. Kwa maoni yangu kunamwongezea, maana hawezi kujifunika mwenyewe.

Lakini aibu ikimzuia mtu kwenda hospitali, inaweza kumwua. Ngiri ni utumbo unaopita katika tundu la nyama za tumbo. Siku yoyote utumbo huo unaweza kubanwa na usirudi ndani. Damu haipiti tena. Baada ya saa chache utumbo huanza kuoza. Ukiona ngiri imekuwa ngumu, inauma sana, hairudi ndani, na mgonjwa anatapika, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.

Sasa nieleze mambo yanayofanyika ndani ya chumba cha upasuaji. Nilipokuwa mwanafunzi niliingizwa humo mara nyingi, nikasimama ukutani kutazama. Naona nusu ya hofu ya watu hutokana na kutoambiwa.

Dawa ya usingizi mzito ndiyo watu huiita nusukaputi. Mwaka 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa mvuke wa dawa iitwayo etha mbele ya madaktari, na mgonjwa huyo akapasuliwa uvimbe wa shingoni. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walishikwa kwa nguvu na kukatwa wakiwa macho. Siku hizi dawa huingizwa kwa sindano ya mshipa au kwa hewa ya kuvuta. Mtu hupotea kabisa. Hasikii, haoni, hakumbuki.

Ndani ya chumba huwamo watu wachache wenye kazi maalumu. Yuko anayepasua, na msaidizi wake. Yuko muuguzi anayempa vyombo. Yuko muuguzi mwingine anayezunguka kuleta kinachotakiwa. Na kichwani pa mgonjwa hukaa mtaalamu wa usingizi. Huyu haondoki. Anaangalia pumzi, mapigo ya moyo, na shinikizo la damu tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo sababu huombwa ufute rangi ya kucha, maana kuna chombo kinachobanwa kidoleni kupima hewa katika damu, na rangi inaweza kukidanganya. Meno ya bandia hutolewa yasije yakaziba koo. Bangili na pete hutolewa kwa sababu mashine ya umeme ya kuzuia damu inaweza kuunguza palipo na chuma.

Na nguo je? Ngozi ya mahali pa kukatwa lazima ioshwe kwa dawa, na nguo ya nyumbani ina vijidudu. Kwa hiyo mgonjwa huvishwa gauni la hospitali linalofungwa mgongoni. Watu hulichukia sana gauni hilo, na mimi siwalaumu. Limeshonwa hivyo ili livuliwe bila kumgeuzageuza aliyelala. Likiondolewa, mwili huwa wazi kwa dakika chache za kuosha ngozi. Kisha shuka safi, mara nyingi za kijani, hutandazwa juu ya mwili wote. Hubaki tundu moja tu mahali pa kukata. Mpasuaji haoni mtu mzima. Anaona kipande cha ngozi.

Shuka hizo hazihusu heshima peke yake. Aliyelala kwa dawa mwili wake hauwezi kujitia joto vizuri. Akiachwa wazi bila sababu hupoa, na mwili uliopoa hutoka damu zaidi na kidonda chake hupata usaha kwa urahisi. Kwa hiyo mtumishi anayemwacha mgonjwa wazi anamvunjia heshima na pia anamtibu vibaya. Wenzangu wa kazini wanaosoma gazeti hili walikumbuke hilo.

Kuna mambo mawili ambayo mgonjwa akiyakuta ameamka bila kuambiwa hushtuka sana. La kwanza ni mpira wa mkojo. Kwa upasuaji wa uzazi, na upasuaji mwingine wa muda mrefu, mpira mwembamba huingizwa katika njia ya mkojo ili kibofu kiwe kitupu. Mama akiamka akakuta mpira pale, na hakuna aliyemwambia, atafikiri nini? La pili ni kunyolewa. Zamani wagonjwa walinyolewa kwa wembe karibu kila mara. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wembe usitumike, kwa kuwa hukwaruza ngozi na kuleta vidonda vya usaha. Nywele ziachwe, na ikiwa lazima zitoke, zipunguzwe kwa mashine. Mtu ana haki ya kuambiwa haya mawili mapema, kwa maneno anayoyaelewa.

Tena wapo wanaoogopa kwamba aliyelala nusukaputi hutoa siri zake. Katika usingizi mzito mtu hasemi, na mara nyingi ana mpira kooni wa kupumulia. Ndiyo maana wengine huamka na koo linauma. Wakati wa kuamka anaweza kuropoka maneno mawili matatu. Wanaoyasikia wanafungwa na kiapo cha kazi yao.

Sijasema haya ili kuwaambia kwamba ndani mambo yote ni mazuri. Katika hospitali moja nilikofanya mazoezi nilimsikia mtumishi akitania mwili wa mwanamke aliyekuwa amelala. Daktari aliweka chombo chini, akamwambia atoke. Alitoka. Yule mama hakujua, na hatajua. Lakini mimi nilijua, na tangu siku hiyo kila mwanamke anaponiambia "naogopa watanitazama", sithubutu kumwambia hofu yake haina msingi.

Na kuna mabaya kuliko utani. Katika mji wa Auckland, nchi ya New Zealand, jaji mwanamke aitwaye Silvia Cartwright aliongoza uchunguzi juu ya hospitali moja ya wanawake. Taarifa yake ilitoka mwaka 1988. Moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba wanawake waliolazwa kwa dawa ya usingizi walipimwa sehemu za siri na wanafunzi ili wajifunze, na wenyewe hawakuulizwa. Watu wa nchi ile walikasirika. Mwaka 1996 nchi hiyo ilianza kutumia kanuni za haki za mgonjwa. Marekani nako, mwezi wa Aprili mwaka 2024, serikali ilizitaka hospitali zipate ridhaa ya mgonjwa kwa maandishi kabla ya kupimwa namna hiyo akiwa amelala. Kwa hiyo swali la mwanamke wa kijijini kwetu si la ushamba. Ni swali lile lile lililoulizwa Auckland.

Mwanafunzi lazima ajifunze. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kutazama wagonjwa. Lakini kumwuliza mtu kabla hajalala kunachukua muda gani? "Mama, leo tuna wanafunzi wawili. Unakubali watazame?" Ni sentensi mbili tu. Na mama akikataa, asinuniwe.

Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Kabla ya upasuaji utapewa karatasi ya ridhaa utie sahihi. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kusoma karatasi hiyo. Isome. Neno usilolielewa, uliza. Kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua, omba usomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Wewe mwenyewe mtu mzima, mwenye fahamu zako, ndiwe wa kukubali. Uliza nani watakuwamo, na kama watakuwamo wanafunzi. Uliza kama upasuaji wako unaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Hiyo hufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu, na wewe unabaki macho. Upasuaji wa ngiri na wa uzazi hufanywa hivyo mara nyingi. Mwanamke anaweza kuomba awepo mtumishi mwanamke chumbani. Mwenye mkwe au jirani humo anaweza kuomba zamu ibadilishwe. Yule mzee wa ngiri alisaidiwa hivyo hivyo. Nilimpigia simu muuguzi mkuu, mkwe akapangiwa zamu siku nyingine, mzee akapasuliwa kwa ganzi ya mgongoni. Sasa halifungi tena lile tumbo kwa kitambaa.

Lakini tuseme kweli. Mama anayetoka damu nyingi usiku hawezi kungojea mpaka muuguzi mwanamke apatikane. Siku hiyo yeyote aliyepo mwenye ujuzi amwokoe, na ndugu wasizuie.

Jambo jingine ni la siku hizi, nalo ni simu zenye kamera. Hakuna mtu anayeruhusiwa kupiga picha mwili wako umelala ili aonyeshe wenzake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha yake binafsi. Mwaka 2022 ikatungwa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukisikia picha yako imepigwa, nenda kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Asipokusikiliza, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Dawa nyingine, kama ketamini, huweza kumletea mtu ndoto kali anapoamka. Anaweza kuona watu wasiokuwapo. Ukiamka na jambo linakusumbua moyoni, usilifiche. Mwambie muuguzi au ndugu uliyekuja naye. Na muuguzi asikimbilie kusema "ni ndoto tu". Asikilize kwanza, aandike, kisha aulize waliokuwamo chumbani.

Mwisho, neno kwa anayemsindikiza mgonjwa. Kanga au shuka yake ya nyumbani haiingii katika chumba cha upasuaji. Usiirudishe nyumbani. Ikunje, mkabidhi muuguzi wa chumba cha kuamkia, na mwambie jina la mgonjwa. Mwombe amfunike nayo kabla hajatolewa nje walipo baba mkwe na majirani.