Goma: Kijana fundi anunue programa ya chipu, ama aitengeneze mwenyewe?

Kwenye meza za mafundi wa radio, simu na taa za sola mjini Goma, kazi imebadilika. Zamani radio ikiharibika, fundi alitafuta transista iliyoungua, akaibadilisha, muziki ukarudi. Leo ndani ya regulateri ya sola, ndani ya mashini inayogeuza umeme wa batri kuwa umeme wa nyumba, hata ndani ya mizani ya dukani, kuna chipu ndogo inayopima, kuamua na kutoa amri. Chipu hiyo inaitwa mikrokontrola. Ikiwa mpya iko tupu kama daftari lisiloandikwa. Ili ifanye kazi ni lazima iandikiwe programu kutoka kwenye kompyuta, na chombo kinachosimama katikati, kati ya kompyuta na chipu, ndicho programa.

Hapo ndipo vijana wengi wanaojifunza kazi hii wanakwama: kununua programa iliyo tayari, ama kuitengeneza kwa mikono yao? Kwa mbali linaonekana kuwa swali la wataalamu. Lakini kwa kijana wa familia iliyokimbia vita Masisi ao Rutshuru, ni swali la sufuria. Dola kumi zikipotea kwenye meza ya fundi, ni unga wa muhogo uliokosekana nyumbani. Kwa hiyo jibu lazima liwe wazi: programa ya kwanza inunuliwe, ya pili itengenezwe. Anayegeuza mpangilio huo analipa mara mbili.

Hoja za wanaotaka kutengeneza si za kuchekwa. Tangu Januari 2025, M23 walipoingia Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na banki zikafunga milango. Mzigo mdogo wa vyombo vya elektroniki unafika kwa barabara, ukipita mikono mingi, na kila mkono unaongeza bei. Chombo kinachouzwa dola chache tu Guangzhou kinaweza kufika Birere kikiwa na bei nyingine kabisa. Wakati huohuo rezista, kapasita na waya zimejaa bure katika mashini mbovu zilizorundikwa nyuma ya vibanda. Michoro nayo ni ya bure. Programa inayoitwa USBasp, ya kuandikia chipu za aina ya AVR, ilichorwa na Mjerumani Thomas Fischl, na kila mtu ana ruhusa ya kuitengeneza. Inahitaji chipu moja ya ATmega8, kristali ya megahezi 12 na vipande vingine vichache. Kijana akitazama mchoro huo anasema: hili naliweza.

Na kweli kulilehemu analiweza. Shida inaanza akimaliza. Ile ATmega8 iliyo ndani ya USBasp nayo ni mikrokontrola, nayo imetoka dukani tupu. Ili programa hiyo izaliwe, inahitaji programa nyingine ya kuiandika. Ni sanduku ambalo ufunguo wake umefungiwa ndani.

Ipo njia ya zamani isiyo na mtego huo. Kwa chipu za aina ya PIC, Jens Dyekjær Madsen wa Denmark alichora programa inayojulikana kama JDM. Haina chipu ya kuandikwa kwanza, na umeme wake inauvuta kutoka kwenye tundu la kompyuta lenye pini tisa, lile la RS-232. Zamani lilikuwa wazo la akili sana. Lakini kompyuta za mkononi za leo hazina tundu hilo, na waya wa kulibadilisha kutoka USB mara nyingi hautoi volti za kutosha. PIC nyingi za zamani zinadai karibu volti 13 kwenye pini moja ndipo zikubali kuandikwa. Kijana analehemu siku nzima, anaunganisha, na kompyuta inamjibu kwamba haioni chipu. Hajui kama kosa ni la kompyuta, ni la volti, ni la waya ao ni la chipu.

Hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote. Fundi mzuri anatafuta ubaya kwa kulinganisha kitu kibovu na kizima. Anayeanza na programa aliyoijenga mwenyewe, chipu ambayo haijawahi kuandikwa na programu aliyoitunga jana, hana hata kitu kimoja kizima cha kusimamia. Kila kitu ni mshukiwa. Wengi wanaoacha kazi hii hawaiachi kwa kukosa akili. Wanaiacha kwa sababu walianza bila chombo cha kuaminika.

Waya uliolegea unaleta pia hasara ya pesa. Katika chipu za AVR kuna mipangilio ya ndani inayoitwa fyuzi. Ikiandikwa vibaya, chipu inaweza kuanza kungojea kristali ya nje isiyokuwepo, nayo inaonekana kama imekufa. Hiyo bado inaokolewa kwa kuifungia kristali. Lakini ikiwa fyuzi iliyoguswa ni ile inayoondoa kazi ya pini ya RESET, programa za kawaida hazitaiokoa tena. Itahitaji programa nyingine, ya volti 12. Chipu tatu zikiharibika hivyo, pesa iliyodhaniwa kuokolewa kwa kutonunua imekwisha kwenda.

Basi anunue nini? Kwanza achague jamii ya chipu, maana programa ya AVR haiandiki PIC. Asikubali kuambiwa na muuzaji kwamba inaandika kila kitu. Kwa anayeanza na AVR, ununuzi wenye faida zaidi ni bodi ya Arduino Uno. Chipu yake imetoka kiwandani ikiwa na programu ndogo ya kuanzia, kwa hiyo inapokea programu nyingine kupitia waya wa USB peke yake. Na bodi hiyohiyo inaweza kugeuzwa kuwa programa: inawekewa mfano unaoitwa ArduinoISP, unaokuja pamoja na programu ya Arduino ya kwenye kompyuta. Kisha pini ya 10 inaungwa kwenye RESET ya chipu mpya, ya 11 kwenye MOSI, ya 12 kwenye MISO na ya 13 kwenye SCK, pamoja na volti 5 na GND. Kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND za bodi inaizuia isijianze upya katikati ya kazi. Mguu wa kujumlisha unaelekea RESET. Kwa bei ya chombo kimoja kijana amepata viwili: cha kujifunzia na cha kuandikia.

Hapo sasa atengeneze. Kwa bodi hiyo anaiandika ile ATmega8, na USBasp aliyoilehemu inaamka. Ikikataa, analinganisha na ile inayofanya kazi na kosa linaonekana haraka. Programa ya pili ni akiba, ni somo, na inaweza kuuzwa kwa mwenzake. Familia zilizohama zaidi ya mara moja zinajua: godoro linabaki, meza inabaki. Lakini programa, waya wa USB na flashi yenye programu zote zinaingia katika mfuko mmoja wa koti, na kazi inaanza tena mahali pengine.

Kuna tamaa moja ya kuonya. Wapo wanaotafuta programa wakidhani watanakili chipu ya regulateri nzima na kuimwaga katika ile mbovu. Chipu nyingi za viwanda zimefungwa zisisomwe, na programa haifungui kufuli hiyo. Atakayekula kupitia kazi hii ni yule anayetunga programu yake: kwa mfano kifaa kidogo kinachokata umeme pale batri ya volti 12 ya kibanda cha kuchajia simu inaposhuka karibu na volti 11 na nusu, kabla haijafa. Mwenye kibanda aliyekwisha kuzika batri mbili atakilipia bila kubishana.

Kuandika chipu ni kazi ya dakika, si ya saa. Programa moja inaweza kuhudumia vijana kumi mezani bila foleni ndefu, kwa hiyo hakuna lazima kila mmoja atoe pesa yake. Vijana watano wachange, wanunue moja, waandike kwenye daftari inakaa kwa nani na kwa siku zipi. Vituo vya mafunzo ya kazi, na mashirika yanayogawa cherehani na vyombo vya useremala kwa wakimbizi wa ndani, yangefaa kuongeza bodi moja ya namna hii kwenye orodha. Na mzazi anayeombwa pesa asikatae haraka, wala asitoe bila kuuliza. Amuulize mtoto wake neno moja: mnanunua ya kwanza, ao mnaanza kwa kuijenga? Jibu likiwa la kujenga kwanza, pesa ingoje.