Kimya cha jana, sauti ya leo: Mtihani wa Baraza la Wayahudi Afrika Kusini

TAASISI inayonena kwa niaba ya jamii ndogo haipimwi wakati wa utulivu. Hupimwa siku serikali inapobadilika, wakubwa wa jana wanapogeuka wapinzani wa leo, na waliokuwa gerezani wanapokabidhiwa funguo za Ikulu.

Ni mashirika machache barani Afrika ambayo yameukalia mtihani huo mara nyingi kama Baraza la Wajumbe wa Wayahudi wa Afrika Kusini, linalojulikana kwa ufupisho wa Kiingereza kama SAJBD. Katika muda wa zaidi ya karne moja, limebisha hodi kwa magavana wa Kiingereza, kwa mawaziri wa Makaburu, kwa Nelson Mandela na sasa kwa serikali ya umoja wa kitaifa iliyoundwa mwaka 2024.

Kila mara swali limekuwa lile lile, japo limevikwa mavazi tofauti. Je, kazi ya baraza la aina hii ni kuwalinda watu wake pekee, au lina wajibu wa kusimama na haki hata haki hiyo inapowahusu majirani? Na likishaamua kunena, linanena kwa idhini ya nani?

Ili kuelewa jinsi Baraza hilo linavyojikuta leo likivutana hadharani na chama kilicholeta uhuru, sharti turudi nyuma hadi chimbuko lake.

Kati ya 1880 na 1914, Wayahudi wapatao 40,000 waliingia Afrika Kusini, wengi wao kutoka Lithuania iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi. Walikuwa wakikimbia umaskini na mateso. Tawi la Transvaal la Baraza liliundwa 1903, la Cape likafuata 1904, na mwaka 1912 matawi yakaungana kuwa chombo kimoja cha nchi nzima.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1903 ndipo Uingereza ilipowapa viongozi wa Kizayuni fursa ya kuwahamishia Wayahudi Uasin Gishu, katika nyanda ambazo leo ni sehemu ya Kenya. Pendekezo hilo lilizua mzozo mkali katika kongamano lao mjini Basel, na mwaka 1905 likatupiliwa mbali. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuwa wameulizwa. Hivyo historia ya wahamiaji hawa ingaliweza kuwa historia yetu pia.

Kazi ya kwanza ya Baraza la Cape haikuwa ya makuu, lakini ilikuwa ya kufa na kupona. Sheria ya uhamiaji ya 1902 ilimtaka mgeni aweze kuandika kwa lugha ya Ulaya. Wayahudi wengi walizungumza Kiyidishi, lugha inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na maafisa waliweza kuwafungia mlango kwa hoja kwamba hiyo si lugha ya Ulaya. Wakili Morris Alexander na wenzake walipigania jambo hilo hadi sheria ya 1906 ikakitambua Kiyidishi kuwa lugha ya Ulaya. Neno moja katika sheria likawafungulia bandari maelfu ya watu.

Ushindi huo ulilifunza Baraza mbinu ambayo lingeitumia kwa miongo mingi: kuzungumza na wakubwa kwa upole, kuepuka makelele na kutetea maslahi ya Wayahudi bila kugusa mfumo wenyewe. Lakini mbinu hiyo ilikuwa na doa. Kukubaliwa kuwa watu wa Ulaya katika nchi ile kulimaanisha kuhesabiwa upande wa Wazungu, huku Waafrika wakibaki nje ya uzio.

Hata ndani ya uzio huo, usalama haukuwa wa kudumu. Mwaka 1930, D.F. Malan, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alipitisha sheria iliyobana wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Mwaka 1936, meli ya Stuttgart ilitia nanga Cape Town ikiwa na wakimbizi Wayahudi 537 kutoka Ujerumani, na ikapokelewa kwa maandamano ya makundi yaliyomhusudu Hitler. Mwaka uliofuata, sheria ya wageni ikauziba mwanya uliosalia. Wakati ambapo kuingia nchini kungeokoa maisha, mlango ulikuwa umefungwa na Baraza halikuwa na nguvu za kuufungua.

Kwa hivyo Malan huyo huyo aliposhinda uchaguzi wa 1948 kwa sera ya ubaguzi wa rangi, Wayahudi waliingiwa na hofu. Chama chake cha National Party kilikuwa bado kinawazuia kujiunga nacho huko Transvaal, marufuku iliyoondolewa 1951 pekee. Malan aliwahakikishia kwamba hawatabaguliwa, na mwaka 1953 akazuru Israel. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baraza liliona ni heri kukubali amani hiyo kuliko kuchokoza mzinga.

Hapo ndipo ilipozaliwa sera iliyoliandama Baraza kwa miaka mingi. Lilishikilia kwamba Wayahudi hawana msimamo mmoja wa kisiasa, kwamba kila Myahudi ni raia aliye huru kupiga kura apendavyo, na kwamba Baraza litafungua kinywa tu pale maslahi ya Kiyahudi yanapoguswa.

Hoja hiyo ilisikika kuwa ya busara. Lakini katika nchi ambamo siasa yote ilikuwa juu ya rangi ya ngozi, kutosema neno kulikuwa ni kusema. Mwenye kunyamaza alihesabiwa kuwa ameridhika, na serikali haikuhitaji zaidi ya hapo.

Wakati huo huo, watu binafsi kutoka jamii hiyo hiyo walikuwa wakinena kwa sauti kubwa. Katika kesi ya uhaini iliyoanza 1956, zaidi ya nusu ya Wazungu 23 walioshtakiwa walikuwa Wayahudi, na jopo la mawakili wa utetezi liliongozwa na Israel Maisels, Myahudi pia. Polisi walipovamia shamba la Lilliesleaf huko Rivonia mnamo Julai 1963, walimkamata Denis Goldberg, aliyehukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela. Bungeni, Helen Suzman alisimama peke yake kama mbunge wa Progressive Party tangu 1961 hadi 1974.

Upande wa pili, mwendesha mashtaka aliyetaka Mandela na wenzake wapatikane na hatia, Percy Yutar, alikuwa Myahudi vilevile. Jamii moja ilitoa washtakiwa, mawakili na mwendesha mashtaka. Baraza lilitazama yote hayo kwa wasiwasi, likihofu kwamba matendo ya wachache yangelipiziwa wote.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwaka 1961, Israel ilipopiga kura dhidi ya Afrika Kusini katika Umoja wa Mataifa, serikali ya Verwoerd iliondoa ruhusa maalumu iliyowawezesha Wayahudi kupeleka michango Israel. Ujumbe ulieleweka. Miaka ya sabini upepo uligeuka; Waziri Mkuu John Vorster, aliyewahi kuzuiliwa wakati wa vita vya pili vya dunia kwa kuhusishwa na kundi lililoegemea Wanazi, alialikwa Israel mnamo Aprili 1976. Urafiki wa mataifa hayo mawili ukazidi kulifunga Baraza ulimi.

Ilikuwa hadi mwaka 1985 ambapo kongamano la Baraza lilipitisha azimio la kuukataa waziwazi ubaguzi wa rangi. Wakati huo mitaa ilikuwa ikiwaka moto, na mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa. Wayahudi wa Cape Town na Johannesburg walianzisha vikundi vyao vya kupigania haki kwa sababu walichoka kuwasubiri wazee. Azimio lilikuwa sahihi, ila lilikuja jioni.

Kilicholiokoa Baraza katika mabadiliko ya 1994 hakikuwa rekodi yake. Ilikuwa rekodi ya wale lililowaonea wasiwasi, na moyo wa Mandela mwenyewe. Mandela hakusahau kwamba ofisi ya mawakili iliyompa kazi akiwa kijana Johannesburg, katika miaka ya arubaini, ilikuwa ya Wayahudi. Mnamo Agosti 1993 alilihutubia kongamano la Baraza. Mei 1994, siku chache kabla ya kuapishwa, alikwenda katika sinagogi moja Cape Town siku ya Sabato na kuwasihi Wayahudi waliohama warejee kuijenga nchi.

Rabi Mkuu Cyril Harris, aliyefika nchini 1988, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini walioomba dua katika hafla ya kumwapisha Mandela. Mwaka huo huo alishirikiana na mfanyabiashara Bertie Lubner kuanzisha shirika la Afrika Tikkun la kusaidia watoto na vijana katika mitaa ya watu weusi. Na mnamo Novemba 1997, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyokutana mjini East London, Harris alikiri kwamba jamii ya Wayahudi ilinufaika na ubaguzi na kwamba haikufanya ya kutosha kuupinga.

Baada ya hapo, Baraza lilijijengea sura mpya. Badala ya kubisha mlango wa waziri kimyakimya, lilijifunza kutumia Katiba. Mfano bora ni kesi ya Bongani Masuku, aliyekuwa afisa wa muungano wa wafanyakazi wa COSATU. Baraza lilimlalamikia kwa Tume ya Haki za Kibinadamu kutokana na matamshi ya mwaka 2009. Kesi ilizunguka mahakamani hadi Februari 2022, ambapo Mahakama ya Kikatiba iliamua kwamba sehemu ya matamshi hayo ilikuwa ya chuki dhidi ya Wayahudi na kuamuru waombwe radhi. Mengine mahakama iliyaona kuwa makali lakini halali.

Uamuzi huo una funzo kubwa. Mahakama ilitenganisha kuilaumu Israel na kuwachukia Wayahudi. Mpaka huo ndio unaoisumbua dunia nzima leo, na ni kwa juhudi za Baraza hilo kwamba Afrika Kusini ina mwongozo wa kisheria kuuhusu.

Hata hivyo, tangu Oktoba 7, 2023, Hamas iliposhambulia Israel na kuua watu wapatao 1,200, na Israel ikajibu kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza, mpaka huo umezidi kuwa mwembamba. Novemba 2023, Bunge la Afrika Kusini lilipiga kura 248 kwa 91 kutaka ubalozi wa Israel ufungwe. Desemba 29, serikali iliishtaki Israel kwa mauaji ya halaiki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Januari 26, 2024, mahakama hiyo ikaiamuru Israel ichukue hatua za dharura.

Baraza lilipinga hatua hizo za serikali kwa ukali ambao halikuwahi kuuonyesha kwa serikali za Makaburu. Aidha, lililalamika nahodha Myahudi wa timu ya kriketi ya vijana wa chini ya umri wa miaka 19 alipovuliwa unahodha Januari 2024, wasimamizi wa mchezo huo wakitaja sababu za usalama.

Lawama zimetoka pande mbili. Watetezi wa Wapalestina wanauliza kwa nini chombo kilichokaa kimya wakati wa ubaguzi kimepata sauti sasa. Na ndani ya jamii yenyewe, Wayahudi wanaoiunga mkono Palestina wanasema Baraza haliwawakilishi. Si jambo jipya. Tangu 2001, Ronnie Kasrils, akiwa waziri, aliongoza tamko la Wayahudi waliokataa Israel itende kwa jina lao.

Na hapa ndipo penye fundo. Katika miaka ya ubaguzi, Baraza lilikataa kusema kwa sababu, lilivyodai, Wayahudi wana maoni mengi. Leo linasema kwa nguvu kuhusu Israel, ilhali maoni bado ni mengi. Hoja iliyotumiwa jana kuhalalisha kimya ndiyo wanayoishika wakosoaji leo kuhoji sauti.

Wanaolitetea wana jibu lenye uzito. Wanasema Wayahudi walio wengi nchini humo wana uhusiano wa karibu na Israel, na kwamba chombo cha kuchaguliwa hufuata walio wengi. Wanaongeza kwamba jamii imepungua kutoka karibu watu 118,000 mwaka 1970 hadi takriban 52,000 kufikia 2019, na ambaye watu wake wanahama hana anasa ya kunong'ona. Isitoshe, mtoto anayesomea shule ya Kiyahudi hakuamua lolote kuhusu Gaza, na lazima awepo wa kumlinda.

Ni kweli. Lakini kumlinda mtoto huyo ni jambo moja, na kuitetea serikali ya nchi nyingine ni jambo jingine. Kazi ya kwanza ina msingi katika Katiba na mahakama imeithibitisha. Kazi ya pili inalirudisha Baraza katika siasa lililodai kuziepuka, na inahatarisha ile ya kwanza, kwani anayeshikilia kwamba Israel na Wayahudi ni kitu kimoja humpa mwenye chuki kisingizio anachokitafuta.

Uchaguzi wa Mei 2024, ambapo ANC ilishuka hadi takriban asilimia 40 ya kura na kulazimika kugawana mamlaka na vyama vingine, umelipa Baraza nafasi ya kuzungumza na serikali yenye sauti zaidi ya moja. Huenda likashawishika kutafuta marafiki ndani ya vyama na kusubiri upepo ugeuke. Lilifanya hivyo 1948, na gharama yake likailipa kwa karibu miaka hamsini.

Kinga ya jamii ndogo haiko katika urafiki na walio madarakani, maana madaraka huhama. Iko katika sheria inayomlinda kila mtu, na katika majirani wanaokumbuka kwamba ulisimama nao walipoonewa. Mwaka 1994 Wayahudi wa Afrika Kusini walikuwa na majirani wa aina hiyo kwa sababu ya watu kama Goldberg na Suzman. Baraza likitaka watoto wake wawe nao mwaka 2034 na kuendelea, akiba hiyo lazima ianze kuwekwa sasa, na safari hii Baraza lenyewe liwe miongoni mwa wanaoiweka.