Wazimu wa Kuandikiwa

Wapo wanaodai kwamba riwaya ya Ken Kesey ya mwaka 1962, isimuliayo wodi ya wagonjwa wa akili huko Marekani, haituhusu. Nawakatalia. Wodi ile ni mfano wa kila utawala unaomwita mgonjwa mtu anayeuhoji. Ndiyo maana msimuliaji, Bromden, hujifanya bubu na kiziwi, na mwishowe huvunja dirisha na kutoka. Nchini Kenya, mwaka 1945, wakoloni walimfungia Elijah Masinde katika hospitali ya Mathari kwa kuwa alikaidi amri zao. (Aliwapinga hata wamisionari, kwa hilo simtetei.) Wakamwachilia mwaka 1947, na mwaka 1948 wakampeleka uhamishoni Lamu. Ni tabibu gani amwadhibuye mgonjwa wake kwa uhamisho? Nasi, kijana akiuliza hesabu za michango, twamjibu upesi: “Una wazimu!”